Mito Mitatu ya Mama Mkwe

Nilipooa, zamani za Mwingereza, mama mkwe alituletea mito mitatu ya sufi, na haukupita mwezi shingo yangu ikagoma kugeukia kushoto. Mito ile aliishindilia mwenyewe, akaitarizi maua mekundu. Kwetu Temeke bwana harusi mwenye mto mmoja alionekana kaozeshwa na watu wasiojiweza, basi nikalalia yote mitatu, kidevu kifuani, nikijiona bwana mkubwa.

Mie ni fundi cherehani. Nilishona barazani kwa Mhindi mmoja muuza nguo, na Idi ilikuwa inakaribia. Tajiri wangu, mtu mpole, alinieleza kwa upole kabisa kwamba nisipopona katika wiki mbili, kiti changu atampa fundi wa Mwananyamala.

Hapo nikagundua kuwa mji mzima ni matabibu. Shangazi alisema ni husuda ya harusi, akaninywesha kombe, maji yaliyooshea aya sahanini. Mganga alinishika mkono, shingo hakuigusa, akasema jini kanikalia begani. Mjomba alinipaka mafuta ya nyonyo, akanivuta kichwa mpaka nikaona nyota mchana kweupe. Dresa wa zahanati aliuliza jina langu na la baba yangu, akanipa vidonge vilevile alivyompa mwenye kuhara aliyenitangulia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nalalaje.

Wiki ya pili tukapata msiba Kiwalani. Tulilala mkekani siku tatu, mkono ndio mto. Siku ya tatu mtu akaniita kutoka kushoto, nikageuka. Nikabaki nimegeuka vilevile, waliohudhuria wakidhani nimezidiwa na majonzi, kumbe nilikuwa na hasira na ile mito.

Kuitupa mito haikuwezekana. Mama mkwe alikuja kila Ijumaa kumwona binti yake na kukagua mito. Ungekosekana mmoja, ndoa yangu ingekuwa mashakani. Na mwanamke yule alitisha. Hakugeuza shingo kumwitikia mtu. Ukitaka akuone, umzunguke uje mbele yake. Watu walisema ni kiburi, nami nilisema kuliko wao.

Basi nikafanya kazi niijuayo. Niliufumua mto mmoja, nikatoa sufi zaidi ya nusu, nikaushona upya. Huo ndio niliolalia. Mchana mke wangu aliuficha chini ya wenzake. Nikarudi kazini, kiti kikabaki changu. Shangazi akasifu kombe, mganga akasifu mkono wake, na mjomba akaanza kutafuta shingo nyingine za kuvuta.

Ijumaa moja mama mkwe alifika amechoka na jua, akataka kujinyoosha kidogo. Mke wangu alikuwa jikoni. Mie barazani nikasikia mito ikivutwa, nikajua nimekwisha.

Alitoka alasiri, mto mwembamba mkononi, kidole kimekaa pale pale nilipofumua.

"Mshono huu si wangu," alisema.

Nikainama. Nilikuwa nimeshaanza kuomba radhi aliponikatiza.

"Tangu niolewe naamka shingo imekauka, baba. Leo ndiyo nimelala." Akajishika kisogo, na mimi nikaona haya kwa yote niliyowahi kumsema. "Kesho nitakuletea ya kwangu uipunguze. Ila ushonee ndani, watu wasione."