Gari Lisilokwenda Bila Mzigo

Hitimana wa mtaa wa Waislamu hapa Gisenyi ana pikapu nyeupe, na katika mji mzima ni hiyo peke yake iliyowahi kuhudhuria misiba, harusi na swala za Idi ikiwa imebeba gunia moja la viazi. Majirani wameshazoea. Wageni ndio huuliza, na wakiuliza hujibiwa kwamba gari liko kazini.

Mambo yalianzia kwenye Idi ya mwaka juzi. Alipakia mke, watoto, mashemeji na mikeka nyuma ya pikapu, akashika barabara ya ziwani kwenda Nyamyumba kwenye maji ya moto, na askari wa barabarani akamsimamisha kwenye kona iliyo karibu na kiwanda cha bia. Askari alikuwa mtu mpole, akamweleza mambo mawili. La kwanza, binadamu hawapakiwi nyuma pamoja na mikeka. La pili, alilolisema kama nyongeza tu, ni kwamba gari lililoandikishwa kuwa la biashara na kulipiwa kodi na bima ya biashara, halizururi na familia kama gari la nyumbani. Mtu mwingine angelishika la kwanza, maana ndilo lililoandikwa kwenye karatasi ya adhabu. Hitimana alilishika la pili. Pikapu ikalala kwenye uwanja wa polisi wakati viazi vya Kanama vinachimbwa na kila mwenye gari anatafutwa kwa tochi, na yeye akakaa kibarazani akilitafuna lile jambo la pili mpaka akapata dawa yake.

Dawa yenyewe ilikuwa hivi. Gari la biashara likiwa na mzigo, liko kazini. Likiwa tupu, linazurura. Basi lisiwe tupu. Na mzigo lazima uwe wa mtu mwingine, kwa sababu hakuna anayefanya biashara na nafsi yake. Kama kuna sheria inayosema hivyo, hakuna aliyewahi kuiona, lakini Hitimana ni mtu ambaye akishakata shauri huwezi kumng'oa hata kwa jeki. Alikwenda kwa Gasana, mwuza viazi wa sokoni, akamwomba gunia moja la kusafirisha. Gasana akauliza linakwenda wapi. Hitimana akasema popote. Gasana akakumbuka kwamba dereva asiyekunywa na asiyechelewa si wa kuokotwa barabarani, akampa gunia. Viazi vikianza kuota, hulirudisha na kupewa jingine.

Saidati, mkewe, akapewa cheo cha konvoyeri, yaani msaidizi wa mizigo, kwa kuwa gari la kazi halina abiria. Saidati ni fundi cherehani na hujivalia vizuri. Alikwenda kwenye harusi za watu akiwa na kitambaa cha hariri na viatu vya kung'aa, naye ni konvoyeri. Alikuwa ameolewa na Hitimana miaka mingi na alishajua ni vita vipi vya kupigana na vipi vya kukalia mbele na kufunga mlango.

Ila Kanama ilimuuma. Walikwenda kutoa pole kwa watu waliofiwa, wakaegesha uani, na vijana wa pale, kwa adabu zao, wakaja kushusha gunia. Hitimana akawazuia, akawaeleza kwamba hilo ni la Gasana. Yeye na mkewe wakakaa, wakalia na wenzao, wakanywa chai ya wafiwa, kisha wakaondoka na gunia lao mbele ya macho ya msiba mzima. Katika nchi hii mtu aliyekwenda mikono mitupu anaweza kusamehewa, huenda hakuwa nacho. Aliyefika nacho akarudi nacho hana pa kujifichia. Saidati hakukanyaga Kanama tena hadi leo.

Sasa Nyamyumba ndiko anakoishi Karenzi, kaka mkubwa wa Hitimana, na hao wawili walikuwa hawasemezani kwa sababu ya sufuria. Usicheke. Ilikuwa sufuria ya pilau ya marehemu mama yao, ile ambayo mtu mzima anaweza kuogea ndani, na kwa miaka yote hakuna nikaha iliyofungwa mtaani wala khitma iliyosomwa bila sufuria hiyo kuja kuazimwa. Mama alipozikwa, Hitimana aliona kwamba sufuria ni yake kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki mjini, palipo na harusi. Karenzi aliona kwamba ni yake kwa kuwa ndiye mkubwa, akaibeba mpaka kando ya ziwa, ambako kazi yake ikawa kukinga maji ya mvua. Tangu hapo Hitimana hakulitaja jina la kaka yake. Alisema yule wa Nyamyumba, na kila mtu akajua ni nani.

Hali ingeendelea hivyo mpaka mmoja wao afe kama si Igihozo, binti mkubwa wa Hitimana, kupata mchumba. Siku ya kuja kuposa, watu wa mvulana hukaa upande wao na watu wa msichana upande wao, na mbele kabisa upande wa msichana hukaa mkubwa wa ukoo, ambaye bila yeye kuitikia hakuna kinachotolewa wala kinachopokewa. Mkubwa wa ukoo huo ni Karenzi. Wengine wote walishatangulia. Hitimana akapendekeza kiti hicho akalie mzee mmoja wa msikitini mwenye ndevu za heshima. Igihozo, ambaye Karenzi ndiye aliyemfundisha kuogelea na kusoma alifu na be, akasema kwa sauti ya chini kwamba kama baba yake mkubwa hakai pale, yeye hatoki ndani siku hiyo. Hakulia. Aliendelea kuosha vikombe, na hilo ndilo lililomtisha baba yake. Saidati naye akamwambia mumewe neno moja tu kabla ya kumfungulia geti Jumapili iliyofuata: "Usirudi bila yeye kukubali."

Alikwenda peke yake, na gunia la Gasana nyuma.

Zamuda, mke wa Karenzi, ndiye aliyemwona wa kwanza. Ni mwanamke mkarimu na mwepesi. Kabla Hitimana hajamaliza kuzima injini, alishawaita majirani wawili, gunia likashuka, likaingia jikoni. Shemeji aliyepotea miaka amerudi, tena hakuja mikono mitupu. Hitimana alifungua mdomo kusema ni la Gasana, akaiona Kanama yote mbele yake, akaufunga. Dakika chache baadaye akasikia visu vikimenya.

Karenzi alitoka ndani amevaa kofia, wakasalimiana kwa mkono mmoja. Wakakaa kibarazani. Waliulizana habari za afya, za mvua, za ziwa. Ziwa lilikuwa limefungwa ili sambaza, wale dagaa wa huku, wazaane, kwa hiyo Karenzi, ambaye huuza sambaza, hakuwa na kazi wala samaki. Kisha wakaulizana habari za mvua tena. Hitimana alikuwa na maneno yote kichwani, ameyapanga njia nzima, na kila alipotaka kuyaanza aliiona ile sufuria pembeni mwa nyumba, imejaa maji, bata anakunywa humo, na hasira ikampanda. Viazi vikaja vimekaangwa, akala. Vilikuwa vizuri. Saa za kuondoka zikafika na jambo lililomleta halijatajwa hata kwa fumbo.

Akainuka, akalitazama gari lake, na hapo ndipo alipoliona janga la pili. Lilikuwa tupu.

Akaketi tena. Karenzi akamwuliza kama amesahau kitu, naye akaeleza, kwa kirefu na kwa utaratibu, habari ya gari la biashara na gari la nyumbani, na kwamba hawezi kulitoa pale bila mzigo, na mzigo usiwe wake. Karenzi alisikiliza bila kupepesa. Ni ukoo mmoja, na jambo la namna hiyo linaingia vichwani mwao bila taabu. Akasema samaki hakuna. Ndizi za jirani zilikwenda sokoni juzi. Wenye mashamba wako kanisani. Akafikiri, akavua kofia, akaivaa.

"Bon," akasema. "Iko sufuria. Sikio yake moja imekatika, na mufundi wa kuunga iko mujini. Utanibebea."



"Lakini ni ya kwangu," Karenzi akaongeza. "We umesema muzigo isikuwe ya mwenye gari. Donc ni ya kwangu, ao hauendi."

Zamuda alisimama mlangoni na sahani mkononi, akaacha kuzifuta. Hitimana alikuwa ameapa mbele ya nusu ya mtaa kwamba sufuria hiyo ni haki yake. Alilitazama gari, akaitazama sufuria, akasema haya. Wakamwaga maji yake, wakamfukuza bata, wakaipakia wawili, mmoja huku na mmoja kule, kama walivyokuwa wakiibeba mama yao alipowatuma. Kisha Karenzi akazunguka, akafungua mlango wa mbele, akapanda. Alisema hawezi kuiacha mali yake mikononi mwa mtu fulani, atakwenda nayo kwa fundi na atarudi nayo.

Wakashika barabara ya mjini. Nyuma, sufuria iligonga huku na huku kila penye shimo. Hitimana alijua kwamba fundi akishaunga sikio, safari imekwisha, na Igihozo atabaki ndani siku ya posa. Alijaribu kuanza kwenye mteremko, akashindwa. Alijaribu tena walipofika bandari ndogo ya Rubona, akaishia kukohoa.

Kwenye kona ile ile ya kiwanda cha bia askari alinyoosha mkono. Alikuwa askari mwingine, msichana mwenye miwani. Akalizunguka gari, akasimama dirishani.

"Muzigo ni ya nani?"

Hitimana aliitazama barabara. Hili swali alikuwa amelisubiri tangu Idi ya mwaka juzi, na jibu lake alikuwa nalo, la kisheria kabisa, halina doa.

"Ni ya mukubwa wangu," akasema. "Huyu. Karenzi."

Karenzi aligeuza kichwa. Miaka yote hiyo hakuwa amelisikia jina lake kinywani mwa mdogo wake.

"Na inaenda wapi?"

Jibu lilikuwa fundi. Neno moja, gari liko kazini, mkono chini, safari njema. Hitimana alishika usukani kwa mikono miwili, kwa sababu aliogopa kweli, aliiona pikapu yake imelala tena uwanjani pale.

"Inaenda kwa posa ya mutoto yake," akasema. "Igihozo. Donc ni mambo ya nyumbani, afande. Si biashara. Andika tu."

Askari alimtazama yeye, akamtazama Karenzi, akaitazama sufuria. Akamwuliza Karenzi kama ni kweli, kama mtoto ni wake. Ilipita pikipiki moja, ikapita nyingine.

"Ni wangu," Karenzi akasema. Akavua kofia, akarudia. "Mutoto ni wangu."

Askari akasema mambo ya kodi hayajui, wakaulize ofisini Jumatatu. Yeye aliwasimamisha kwa sababu sufuria haikufungwa, na ikimdondokea mtu wa pikipiki itamuua. Akawaonyesha pembeni pa kuegesha, akaenda kusimamisha lori.

Hitimana akatoa kamba chini ya kiti. Wakaipitisha juu ya sufuria, yeye ameshika ncha upande wake, Karenzi upande wa pili, hawaonani kwa sababu sufuria imewakinga. Hitimana alivuta, akasikia kamba imeshikwa barabara kule.

"Iko lini?" Karenzi akauliza.

Hitimana akamtajia siku.

"Basi tukitoka kwa mufundi usinirudishe," Karenzi akasema toka upande wa pili. "Nitalala kwako. Na unieleze vizuri hiyo mambo ya gari. Zamuda nani atamupelekea habari, na wewe hauna muzigo ya kwenda nayo?"

Hitimana alisema hilo watalifikiria. Alikuwa analia, na alimshukuru mama yake kwa kununua sufuria kubwa hivyo. Kisha akafunga fundo, akarudi kwenye usukani.