Teleksi Iliyokwama Kwenye Namba

Mimi sikusoma. Darasa la nne lilinitosha. Nikatoka kambi ya polisi alikofanya kazi baba yangu, nikapanda lori kama tanboi, utingo wa kupakia mizigo, nikawa dereva, nikawa mwenye lori, na ilipofika miaka ile ya utawala wa wanajeshi nilikuwa na duka la spea Kampala, karibu na Nakivubo, na ofisi juu yake. Watu walituita mafuta mingi, yaani matajiri wa ghafla. Wengi waliopewa maduka ya Wahindi waliofukuzwa waliuza kilichokuwa kwenye rafu, kikaisha, wakafunga milango. Mimi sikufunga. Ukiona lori linapanda kilima na mzigo siku zile, jua springi zake zilitoka kwangu.

Ofisini Mhindi mwenye nyumba wa zamani alikuwa ameacha teleksi. Kwa asiyeijua, ile ni taipureta iliyofungwa kwenye waya wa simu: unachopiga Kampala kinajiandika chenyewe Nairobi, na cha Nairobi kinajiandika kwako. Ujumbe mrefu unautoboa kwanza kwenye utepe wa karatasi, kisha unailisha mashine utepe huo, nao unakwenda mbio kuliko vidole vya mtu yeyote.

Aliyeiendesha ni mke wangu. Yeye ni Mkenya, kazi hiyo alifundishwa posta kwao kabla sijamwoa. Nilikuwa napandisha wateja ngazi waje tu kumwona anavyopiga bila kutazama vidole. Katika mtaa wetu wote, nani mwingine alikuwa na mke kama huyo? Hakuna.

Upande wa Nairobi, kwa wale walioniuzia spea, kulikuwa na mwendeshaji mwanaume. Sikuwahi kumwona, hata leo.

Taabu ilianza na oda ya springi. Mke wangu alilisha utepe, mashine ikaanza kutetema vizuri, halafu ikafika kwenye namba za spea ikakwama. Laini imekatika. Akapiga tena, ikakwama palepale. Mimi nimefungua injini za lori barabarani na mvua inaninyeshea, siwezi kushindwa na mashine inayokaa mezani. Niliifungua. Nikasafisha zile pini zinazosoma matundu, maana zilijaa vumbi la karatasi. Nikakausha utepe juani, nikidhani unyevu unaufanya ulegee. Nikabadilisha waya wa ukutani. Nikamleta fundi wa posta, akapima, akasema laini ni nzima, akanywa chai yangu akaenda.

Lakini nilikuwa nimeona kitu. Utepe ukikwama, mke wangu alivuta kiti, akapiga mwenyewe kwa mkono, na hapo laini haikukatika hata kidogo. Alipiga, akangoja, yule wa Nairobi akajibu, akapiga tena. Na alikuwa anatabasamu. Mara nyingine alicheka peke yake, na mimi nimesimama pale na bisibisi mkononi.

Nikafanya majaribio kama fundi. Jumapili moja asubuhi alipokwenda kanisani nilipanda ofisini na utepe uleule, nikaulisha kama nilivyomwona akifanya. Ukakwama kwenye namba. Jumatatu akakaa yeye, akapiga kwa mkono, ikapita. Mashine ileile, waya uleule, oda ileile. Kilichobadilika ni yeye tu kukaa kwenye kile kiti. Basi nikapata jibu langu: yule mwanaume anakata laini makusudi, anaukataa utepe ili mke wangu akae aongee naye.

Nawaambia, wivu ule ulinila. Nilikuwa na lori tatu na nyumba Bugolobi, na mtu nisiyemjua hata sura alikuwa anamfanya mke wangu acheke ndani ya ofisi yangu, kwa umeme wangu. Chakula kilinishinda. Usiku nilimtazama amelala, nikajiuliza anamwota nani.

Siku iliyofuata alipokaa, nilisimama nyuma yake nikasoma. Kusoma kwangu ni kwa polepole, lakini wao walikuwa wanapiga Kiswahili, na herufi za teleksi ni kubwa zote. Yule aliandika MPENZI. Akamuuliza mke wangu kama mama yake amepona kifua. Mke wangu akajibu amepona, akaweka namba ya springi, kisha akaandika usiku alikosa usingizi. Yule akaandika na yeye pia, akarudia ile namba, akauliza lini watakutana.

Nikaweka mkono juu ya vidole vyake. Nikamwambia aniambie mwenyewe kabla sijaitupa ile mashine dirishani.

Hakushtuka. Alinyanyuka akafunga mlango, akarudi karibu, akaongea chini chini. Rafiki yake wa posta ya hapa Kampala alimwambia kuna mtu wa usalama amekaa kwenye mitambo anasoma kila kinachotoka nje ya nchi. Akiona namba tupu zinafuatana, anadhani ni siri za maadui, anachomoa waya. Akiona mtu na mpenzi wake, anaacha, anasoma kama hadithi. Siku moja laini ilikatika kwenye namba, na mke wangu kwa uchovu akaandika habari za homa ya mtoto wetu, ikapita yote. Yule wa Nairobi naye si mjinga. Alielewa bila kuambiwa, akaanza yeye hilo la mpenzi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi, mume wake.

"Nikwambie wewe, Baba Watoto? Ukishakaa baa una siri gani? Ungewaambia wote jinsi mkeo anavyowapumbaza watu wa usalama, na kesho yake tungekuwa wote kwenye buti la gari lao."

Hilo lilikuwa kweli, nikalimeza. Lakini halikunitosha. Watu hujifunza kupenda kwa kuzoea maneno, mimi mwenyewe nilizoea biashara kwa kuisema. Nikamwambia akae chini.

"Muulize kama anakupenda kweli."

"Unataka niandike hivyo?"

"Andika."

Akaandika. Tukangoja. Mashine ikagonga: HILO SASA. Ikanyamaza.

Taa ilikuwa inawaka, mota inazunguka. Nilipiga magoti nikaangalia waya ukutani, nikaangalia karatasi kama imebana, nikafunua kifuniko. Kila kitu kizima. Nikabaki nimeinama pale chini na jasho linanitoka, nangoja mwanaume wa Nairobi amalize sentensi yake.

"Toka huko chini," mke wangu akasema. "Huyo unamuulizia nini? Mimi niko hapa. Niulize mimi."

Nikanyanyuka. Sauti ilinitoka kidogo sana kwa mtu wa mwili wangu. Nikamuuliza.

"Basi la Nairobi linaondoka kila asubuhi," akasema. "Kwetu ni huko, na nauli sijawahi kukosa. Umewahi kuamka ukakuta kitanda hakina mtu?"

Sikuwahi.

Laini iliporudi yule aliandika habari ya springi tu, na swali letu halikujibiwa tena. Springi zilifika, na mji mzima unajua zilifika kwangu peke yangu. Lakini niliweka sheria. Nilinunua kiti cha pili nikakaa kando yake, na tangu hapo maneno ya mapenzi nilitoa mimi. Mwanzoni alinicheka, akasema nimtazame yeye nisitazame ukuta. Nilimtazama. Nikasema jinsi ninavyosikia nyayo zake kwenye ngazi nikamjua kabla hajafika. Nikasema nywele zake zikiwa zimeoshwa, mimi siwezi kupiga hesabu. Mambo ambayo sikuwahi kumwambia tangu nimwoe, na nayasema bila aibu, hakuna mwenye digrii angeyapanga vizuri zaidi. Yeye aliinamisha kichwa, anapiga, masikio yamemwiva.

Halafu anabonyeza, na maneno yangu yote hayo yanakwenda kuandikwa Nairobi, kwenye karatasi ya yule mwanaume, ambaye alikuwa anajibu: ASANTE MPENZI, ENDELEA. Hilo mpaka leo sijamsamehe.