Kila Nyumba Ilinuka Kuvu

Marita alikuwa na saluni ya nywele mtaa wa Hornstull, na kinywa kisicho na kufuli. Wateja walimjia kwa mkasi, wakarudi kwa maneno. Laiti angekata nywele akanyamaza!

Yeye na mumewe Stellan waliachana kwa amani, mahakama ikagonga muhuri, kisha kila mmoja akarudi nyumbani, nyumba ileile. Stockholm ndivyo ilivyo: talaka unaipata kabla majani hayajapukutika, nyumba ya kupanga unaisubiri mpaka uote mvi. Stellan akahamia chumba cha mtoto wao aliyekwisha kuhama, akawa analala miguu ikining'inia nje ya kitanda, akikohoa, maana kifua chake kilikuwa kibovu tangu utoto. Kila zamu yake kwenye foleni ya nyumba ilipofika, alimwomba Marita amsindikize kwenda kukagua.

"Wewe una jicho," alimwambia. "Mimi naona kuta tu."

Jicho alikuwa nalo. Alichokosa ni moyo wa kumwacha aende. Bado alimpenda, tena sana, akaona aibu kusema, kwani talaka aliiomba mwenyewe. Basi kila walipovaa ile mifuko ya plastiki ya buluu juu ya viatu, wasichafue sakafu, na kuingia, yeye alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akachomeka kichwa, akanusa, akakunja pua. "Pana kuvu humu. Na hicho kifua chako?" Stellan akashukuru, wakarudi zao kunywa kahawa na maandazi ya mdalasini. Wakaenda hivyo miaka minne.

Mdomo huponza kichwa. Siku moja Marita alimsimulia mambo hayo mteja aitwaye Tove, eti ni habari za shoga yake. Tove alicheka mpaka povu la shampuu likamwingia machoni.

"Dada wee, hiyo ni sinema!"

"Chukua, nimekupa bure," Marita akamjibu. Hakujua kwamba kutunga filamu ndiyo kazi ya Tove.

Filamu ikatoka, ya mapenzi na vichekesho, ya kuwasuta watu wa mjini na foleni zao. Jiji zima likaenda kujicheka. Stellan naye akanunua tiketi mbili. Marita akasingizia kichwa, akasingizia mguu, Stellan akamvuta mkono. "Twende bwana, unazeeka vibaya!"

Mwanamke wa kwenye filamu akavaa mifuko ya buluu, akaenda moja kwa moja kwenye kabati. "Pana kuvu humu. Na hicho kifua chako?" Ukumbi ukaangua kicheko. Stellan alicheka pia, kisha akaacha. Marita hakuthubutu kumtazama. Mwishoni mume wa filamu alimkimbilia mkewe mvuani, wakabusiana, watu wakapiga makofi.

Wao walitembea mpaka mlangoni kwao.

"Ile nyumba ya Aspudden," Stellan akasema, "ilikuwa na kuvu?"

"Haikuwa nayo."

"Na ile yenye roshani?"

"Stellan, nisikilize. Sikutaka uondoke. Nakupenda, mjinga mimi."

"Miaka minne nimelala kama panzi ndani ya kiberiti, Marita! Ungesema neno hilo mapema, ningerudi chumbani kwako kwa magoti. Sasa nitajuaje lipi la kweli?"

Akaingia kwenye chumba cha mtoto, akafunga mlango.

Jumapili Stellan akaenda kukagua nyumba mtaa wa Bandhagen. Marita alimfuata bila kualikwa. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi upya, nyeupe pee, na watu wengi walikuwa wakiizunguka na kuisifu. Kwa mazoea tu akafungua kabati, akachomeka kichwa. Harufu ikampiga usoni, nzito, mbichi, ya kuvu hasa.

"Stellan! Pana kuvu humu! Safari hii ni kweli, naapa. Njoo unuse mwenyewe, nakuomba!"

Nyumba nzima ikacheka. Wote walikuwa wameiona filamu. Bwana mmoja mwenye kofia akamalizia kwa sauti nyembamba, "Na hicho kifua chako?" wakacheka upya, huku Marita ameshikilia mlango wa kabati, machozi yakimtiririka.

Stellan hakusogea. Alimgeukia mwanamke mwenye funguo, akakohoa kidogo, akasema, "Naichukua."