Nimeuonea Wivu Mto

Leo nimemfumania mume wangu akimwimbia mwingine.

Manyunyu ya kwanza ya masika yameanguka asubuhi hapa Mji wa Kale. Nikamsikia barazani: "Umeamka, mpenzi, umejaa tele, nami niko mbali."

Miaka kumi na moja ya ndoa, mimi sijaimbiwa hata ubeti!

Nikatoka na mwiko mkononi.

"Nani huyo?"

Akashtuka. "Mto Tana, Mama Zuhura. Mvua zikianza, kwetu Garsen huuimbia."

Jamani, nikazidi kuumia. Angekuwa mwanamke, ningejua pa kumtukania.

"Na mimi je?"

"Wewe nakuona kila siku. Mto sijauona tangu tulipomzika mama."

Nikaketi kando yake, nikamwambia aimbe tena.

Wivu haujaniisha, wallahi. Nyinyi wenzangu mshaimbiwa?