Nyundo ya Kigogota

Kwa miaka thelathini na moja nilikagua magari hapa mjini Reutlingen, na watu waliniita Kigogota kwa sababu ya nyundo yangu ndogo. Niligonga chuma chini ya kila gari. Mlio ukiwa mzito, hiyo ni kutu, na gari halipiti. Wajane walinililia, sikujali.

Nilipostaafu nilimwachia nyundo Silke, niliyemfundisha kazi mwenyewe.

Juzi nilimpelekea gari langu la mwaka 1984, lile kubwa la wakurugenzi. Injini naitunza mwenyewe, inanguruma kama paka aliyeshiba. Lakini sakafu upande wa dereva imeliwa. Kuchomelea najua, magoti ndiyo yamekataa, na kumwita fundi mwingine niliona aibu. Kigogota mzima aombe msaada? Nikapaka lami nyeusi juu ya kutu kuificha.

Silke akaliinua gari. “Leo zamu yako kugongwa, Mwalimu,” akacheka.

Akagonga mbele, akagonga nyuma, akafika upande wa dereva. Nyundo ikasimama hewani. Lami ilikuwa bado inanuka. Hata mimi niliisikia. Akayatazama magoti yangu, kisha akahamia kwenye gurudumu bila kugonga.

“Safi, Mwalimu,” alisema akibandika kibandiko cha ukaguzi, bila kunitazama. “Msalimie mama nyumbani.”

Nami, mjinga, nikashukuru.

Miaka yote ile nilimfundisha kugonga. Asubuhi moja tu ilinitosha kumfundisha kuruka kutu.