Jiwe Alilolilamba Mama

Juzi, katika duka moja mjini Geita, muuzaji alinionyesha pete ya kito kiitwacho jiwe la mwezi. Nikamwambia jiwe limechongwa vibaya, maana mwanga wake wa buluu umekaa pembeni badala ya katikati. Akaniuliza nimesomea wapi.

Nikakumbuka baraza la nyumba yetu mtaa wa Kambarage, harufu ya vumbi lililolowa na mngurumo wa mashine ya mama ya kuchongea vito. Alasiri moja, nikiwa mtoto, dalali wa vito alilishika jiwe letu ambalo halijachongwa, akaguna.

"Mama Kabula, hili lina ukungu. Bei yake ndogo."

Mama alilichukua, akalilamba, akaligeuza juani polepole. Buluu ikateleza ndani yake kama maji.

"Tazama tena, baba. Liko safi."

Dalali alitazama, akapandisha bei mwenyewe. Mimi niliamini mama ameonja utamu wa jiwe, nikaenda kulamba kokoto zote za uani nikiutafuta. Siku hizi najua kwamba mate huondoa tu ukavu wa juu, ndani pakaonekana.

"Nimesomea kwa mama," nilimjibu muuzaji, kifua mbele. "Nilianza kwa kulamba kokoto."