Chama cha Kiti cha Lumeri

Mukamurenzi huuza maziwa katika mtaa wa Murara, na kwake hakuna anayekunywa wima. Hata dereva wa pikipiki mwenye haraka zake ataketi kwanza kwenye benchi ndipo apewe kikombe. Ndivyo alivyolelewa na wafugaji wa Masisi, na habishani na mtu juu ya hilo.

Jumapili ile mchezo wa kuigiza wa mtaa ulikuwa umeanza, naye ndiye kiongozi wa Chama cha Kiti, watu wa dola ya kubuni iitwayo Lumeri wanaotetea mfalme na desturi za kale. Alijifunga vazi jeupe la mushanana begani, akanguruma jukwaani hadi ukumbi ukajaa vigelegele. Wapinzani wake, waliotaka mfalme ashushwe, wakiongozwa na fundi viatu Kambale, wakakibeba kiti cha enzi wakakitoa nje.

"Mfalme hatashuka!" akapaza sauti Mukamurenzi. "Afadhali tufe sote!"

Hapo mfalme, yaani kinyozi Tuyisenge, akaletewa maziwa ya kuapishwa. Kiti hakipo. Akainua kikombe palepale, wima.

Hasira zikampanda Mukamurenzi, mchezo wote ukamtoka kichwani. "Ikala chini, mutoto! Unakunywa maziwa kama mwizi?"

Mfalme wa Lumeri akaketi kwenye saruji tupu, akanywa taratibu.

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Kambale alikuwa ameshika mbavu. "Aksanti, mama! Sisi tulitoa kiti tu. Mfalme umemushusha wewe."